Bwana Mawe na Mafuta Yaliyopikwa na Maji

Bwana Mawe hakuwahi kupita uani kwangu bila kuokota kitu. Nikimwona ameinama nyuma ya banda la kuku, nilijua salamu zitachelewa. Kwanza alipanguse jiwe lake kwenye shati, kisha aligeuze juani, kisha alilambe. Ndiyo, kwa ulimi, mtu mzima mwenye wajukuu. Ndipo aseme, "Hodi, mtani."

"Karibu," namjibu. "Lakini hilo ulilolamba, kuku wangu wamelifanyia haja tangu juzi."

Anatema, anacheka, anakaa. Kesho analamba jingine.

Jina analo, alipewa na wazazi wake kama watu wote, ila hapa Kongowe halikupata kazi. Hii Kongowe yetu ya Kibaha, jamani, si ile ya Dar. Sisi tulimwita Bwana Mawe, kama mnavyosema bwana shamba na bwana afya, kwa sababu utumishi wake wote serikalini ulikuwa kupima miamba. Alipostaafu alijenga kiwanja kinachopakana na changu, na katikati yetu hapakuwa na ukuta, palikuwa na michongoma tu. Michongoma haizuii sauti. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua hadi anavyokohoa.

Na alikuwa mtani wangu. Mimi Mzaramo wa Msimbu, Kisarawe, yeye Mnyamwezi wa Tabora, na wazee wetu walishatupa ruhusa ya kutukanana tangu enzi hizo za misafara. Alikuwa akiniambia Wazaramo tukisikia ngoma tunaacha ugali ukiungua. Mimi nikimwambia Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu hadi pwani, na yeye hata baada ya mizigo kwisha akaona abebe mawe.

Na kweli aliyabeba. Nyumba ile ilikuwa na mawe dirishani, mawe juu ya kabati, mawe chini ya kitanda kwenye ndoo ya rangi. Mkewe, mama mmoja mfupi mwenye mikono ya kazi, alikuwa akiyatumia anavyotaka. Jiwe moja jeusi linalometameta alilikalisha juu ya mfuniko wa chungu ili paka asile samaki. Bwana Mawe akija akaliona hapo, moyo unamuuma.

"Mama, hilo lina umri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa."

"Ndiyo maana zito," anajibu mkewe. "Liache hapo."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mambo yanayogongana. Alijua mawe ya nchi nzima, lakini lile moja lililokuwa mlangoni kwake, la kukanyagia wakati wa mvua, lilimwangusha kila masika. Maisha yake yote alikuwa akisifu maji ya moto yatokayo ardhini, chemchemi hii, chemchemi ile, mvuke huu. Lakini nyumbani mwili wake haukuguswa na maji ya moto hata siku moja. Alioga ya baridi, hata mwezi wa saba. Chai aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza kama mtoto. Nikamwambia siku moja, "Mtani, wewe na moto ni kama mimi na bahari. Tunasifia, ila kwa mbali." Akasema, "Aliyeujua moto ndiye anayeuogopa." Alikuwa na maneno kama hayo mengi. Jingine lilikuwa, "Jiwe halidanganyi, anayedanganya ni aliyelishika." Hilo alilisema kwa sauti ya chini kidogo, na nitawaambia kwa nini.

Ni kwa sababu ya ziwa.

Kila aliyekaa na Bwana Mawe zaidi ya kikombe kimoja cha chai aliisikia habari ya ziwa. Alikuwa kijana, ndio kwanza ameajiriwa, wakampeleka Ziwa Tanganyika kutazama miamba ya ufukweni. Boti ya ofisi ikaharibika injini, ikabaki imevutwa mchangani. Yeye hakutaka kukaa bure, akaingia ziwani kwa mtumbwi wa kuazima. Mbele ya rasi moja, mahali penye kina kifupi, akaona maji yanatoa mapovu kama uji unaoanza kuchemka. Akaingiza mkono, maji ya moto. Na kila povu lililopasuka liliacha juu ya maji duara la rangi, kama shingo ya njiwa juani, na harufu ya taa ya chemli. Kwenye mawe ya chini kulikuwa na vidonge vyeusi vinavyonata. Mafuta, alisema. Mafuta ya ardhini, yanatoka na maji ya moto, yamepikwa hapo hapo.

Aliporudi akawaambia wakubwa wake. Wakacheka. Mafuta, walimwambia, ardhi huyapika kwa miaka ambayo huwezi kuihesabu, chini kabisa, chini ya uzito wa mawe; lile tope la ziwa ni la juzi, haliwezi kuwa na mafuta. Umeona mafuta ya injini yenu, kijana. Akasema injini ilikuwa mchangani, imekufa. Wakamuuliza, nani mwingine aliona? Akanyamaza. Basi. Tangu siku hiyo pale ofisini akawa yule bwana wa mafuta ya ziwani, na kila aliyepita mezani kwake alimuuliza kama leo amepata lita ngapi.

Hakuwa mtu wa tamaa. Sikumsikia akitamani gari wala ghorofa. Kitu alichokitaka mtu yule ni kimoja tu, aaminiwe kwamba aliona alichokiona. Na kilichomchoma zaidi hakikuwa ofisi. Kilikuwa mkewe. Akifika tu kwenye "siku moja ziwani," mkewe alikuwa ameshainuka. "Mwongo wangu ameanza," anasema, na anakwenda jikoni. Alisema kwa upendo, sikatai, kama mtu anavyomwita mtoto wake "kichwa maji." Lakini Bwana Mawe alikuwa akiusindikiza mgongo wake kwa macho hadi mlango ufungwe, na hadithi iliyobaki aliimaliza kwa haraka, kama mtu anayemaliza wali uliopoa.

Mimi nilimwelewa kwa njia ya nazi.

Darasa niliishia la nne, kwa hiyo mtu akiniambia "volkano" na "nyufa" namtazama tu mdomo. Siku hiyo nilikuwa napika mafuta ya nazi. Nimekuna, nimekamua, tui limebandikwa, nakoroga. Bwana Mawe akaja na kiti chake, akakaa upande usio na moshi, akasema, "Mtani, usipolipika hilo tui, ukaliacha tu, mafuta yatajitenga?"

"Yatajitenga, ila utangoja. Na hayatakuwa safi."

"Na ukilipika?"

"Unaona mwenyewe."

Tui lilikuwa limeanza kukatika. Mafuta yanapanda juu, masafi kama maji, na shata, yale mashapo ya tui, linazama chini ya sufuria, linageuka kahawia, na harufu yake ndiyo ile inayowaleta watoto wa jirani bila kuitwa.

"Basi," akasema, na macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Ziwani, vijimea vidogo vidogo na vidudu vinakufa, vinazama, vinakuwa tope. Hilo ndilo tui. Mahali pengi linakaa tu linangoja, linafunikwa na tope jingine, miaka na miaka, na mafuta yake yanakuja polepole. Lakini penye volkano, jiko liko karibu. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanakutana na joto, yanarudi juu yanachemka, yanapita kwenye lile tope. Yanalipika. Mafuta yanatoka upesi, mabichi, yanapanda na mapovu. Wakubwa wangu walijua tui la kuacha. La kupika hawakulijua."

"Na nani aliyekuna nazi?" nikamuuliza.

Alikasirika, akacheka, akakasirika tena. Lakini mimi nilielewa. Tangu siku hiyo nikawa namtania kwa kumuuliza kama ziwa lake limeshatoa shata, na yeye akawa anawaeleza watu wote mafuta ya ardhini kwa sufuria yangu. Kwenye harusi ya binti yangu alieleza. Kwenye kisomo alieleza, hadi shehe akamwomba angoje dua iishe.

Na hapo ndipo yalipoanzia ya Msimbu.

Mdogo wangu wa kiume analima Msimbu, kwenye shamba la baba yetu, mihogo na mikorosho. Alikuja kwenye ile harusi, akakaa karibu na Bwana Mawe, akasikiliza tui na ziwa kuanzia pilau hadi chai. Mdogo wangu akisikia kitu mara moja hakisahau, na hilo ndilo tatizo lake. Alirudi kwake, akachimba kisima bondeni, kwa mkono, yeye na mkewe wakipokezana jembe. Maji yakatoka. Siku chache baadaye, asubuhi, wifi yangu akaenda kuteka, akakuta juu ya maji kuna utando wa rangi. Rangi rangi, kama shingo ya njiwa.

Mdogo wangu akaja mbio, akatumbukiza mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Mnaona sasa? Maji ya moto, utando wa rangi. Akawa amesoma somo lote. Alikikatia kisima matawi ya miiba, akakizungushia, akamkataza mkewe, watoto na majirani kugusa. Maji wakachote mtoni, mbali, kule kwa zamani, ndoo kichwani, jua kichwani. Kisima kiko nyuma ya nyumba, na watu wanakipita wakiwa na kiu. Mimi nikapiga simu, nikamwambia, "Weye, mkeo ana mimba, umtume mtoni kwa ajili ya rangi?"

"Dada, huelewi. Mafuta yanapikwa pale. Ukiyakoroga yatapotea."

"Nani kakwambia?"

"Jirani yako."

Nikafika michongomani, nikamwita Bwana Mawe kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nikamwambia yote. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisimama, akashika kiuno, akauliza, "Uvuguvugu?" Akauliza tena, "Una uhakika alisema uvuguvugu?" Na mimi nikaona uso wake, nikajua kwamba mtani wangu ameingia kwenye mtego wake mwenyewe. Alitaka iwe kweli. Mzee yule alitaka mafuta yatoke nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, ili watu waende wakayaone, ili waseme, basi na la ziwani lilikuwa kweli.

Tulikwenda Msimbu kesho yake, mimi na yeye. Mkewe alitufungia mihogo ya kuchemsha, akasema, "Mkiyapata mniletee ya kukaangia." Tulifika mapema, jua halijakaza. Majirani walikuwa wameshajaa bondeni, kwa sababu Msimbu habari haihitaji simu. Wifi yangu amesimama na ndoo mbili tupu, tumbo mbele. Mdogo wangu yuko mlangoni mwa ile miiba kama askari wa benki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua."

"Kutazama tu, mzee. Usiguse."

"Unafungua au nipite juu?"

Alifungua. Bwana Mawe akachuchumaa, magoti yakalia kama kuni kavu. Aliutazama ule utando kwa muda. Rangi zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Hata mimi moyo uliruka. Akatumbukiza mkono. Watu wakasogea karibu.

"Si ya moto?" mdogo wangu akauliza.

"Maji ya kisima asubuhi huwa hivi," akasema Bwana Mawe polepole. "Hewa imepoa usiku, maji ya chini hayajapoa. Ndiyo unayaona ya uvuguvugu. Mchana utayaona ya baridi."

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama fundi anavyoomba nyundo, na mtu akampa kijiti cha muhogo. Akakipitisha katikati ya utando. Na ule utando, jamani, ukavunjika. Ukapasuka vipande vipande, kama kigae, na vipande vikabaki hivyo hivyo vimetengana.

Akapitisha tena. Ukavunjika tena. Akasogea upande wa pili, akapitisha, akangoja. Akarudia. Mimi nilijua anafanya nini. Alikuwa akiuomba.

"Mafuta," akasema mwishoni, bila kuinua kichwa, "ukiyakata kwa kijiti yanarudi kushikana. Hayakubali kuachana. Haya yamevunjika. Hii ni kutu, mwanangu. Ardhi yenu ina chuma, na kuna vijidudu vinavyokula chuma, vinaacha ngozi hii. Haina ubaya. Chemsheni maji, mnywe."

Nikamsikia mtu nyuma akiguna. Mdogo wangu alisogea karibu naye, akachuchumaa, akaongea chini, lakini mimi nilikuwa nyuma yao na masikio yangu hayajazeeka.

"Mzee, angalia watu hawa. Sema tu inawezekana. Sema tunangoja. Wewe si ndiye uliyeyaona ziwani? Ukisema hapa yapo, na ya kule wataamini."

Bwana Mawe alimtazama. Akawatazama watu. Akamtazama wifi yangu na ndoo zake. Nikasema moyoni, haya, mtani, leo ndiyo siku yako. Neno moja tu, na hakuna wa kukubishia hapa.

Akainuka, akachukua ndoo moja mikononi mwa wifi, akaishusha kisimani, utando wote ukavurugika, akaivuta imejaa. Mdogo wangu akapiga kelele, "Mzee!" Na Bwana Mawe akaimwaga ndoo nzima juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Mdogo wangu amesimama, maji yanachuruzika puani. Angefanya hivyo mtu mwingine yeyote, pangechimbika. Lakini Mnyamwezi! Mtani akikumwagia maji utafanya nini? Utakwenda kushtaki wapi? Wazee wa Msimbu walikuwa wa kwanza kucheka. "Mnyamwezi kakubatiza!" mmoja akasema. "Sasa we Mkristo!" Mdogo wangu alijaribu kununa, nikamwona anajaribu kweli, na mdomo ukamsaliti. Akacheka. Akachukua ndoo ya pili ili alipe, Bwana Mawe akakimbia, hatua ngapi sijui, akajikwaa kwenye shina la muhogo, akaanguka kifudifudi kwenye matuta. Bwana Mawe, mjuzi wa ardhi, ameibusu.

Wifi yangu hakungoja waamue. Alipiga kigelegele, akaingia ndani ya miiba, akateka. Majirani wakafuata. Hadi adhuhuri miiba ilikuwa kuni.

Tukaanza kurudi. Tulipofika Kisarawe mjini tukanunua maji ya chupa, tukakaa kwenye benchi la duka. Shati lake lina udongo kifuani. Akasema, "Mtani, nilitaka yawe."

"Nilikuona."

"Kijiti kilipopita mara ya tatu nilishajua. Ya nne na ya tano ilikuwa ujinga tu."

Sikumtania.

Baadaye miguu yake ikaanza kukataa. Akawa mtu wa kukaa mkekani barazani, mawe yamemzunguka, anayalamba kwa kukosa kazi. Na ndipo mjukuu wangu akaja likizo. Huyu mjukuu wangu, nisiposema nitapasuka, yuko chuo kikuu, anasomea ardhi hiyo hiyo na miamba hiyo hiyo, msichana pekee kwenye safu ya mbele, akili za kwetu hizo, za upande wangu. Alianza kulamba mawe kwenye michongoma ile ile akiwa mdogo. Alikwenda kumsalimia mzee wake, na mimi nikamfuata na kisahani cha vitumbua.

"Shikamoo, babu. Mwalimu wetu ametufundisha mafuta yako."

"Marahaba. Mafuta gani?"

"Ya maji ya moto. Alisema yapo chini ya bahari, penye nyufa za volkano. Na kwenye maziwa ya bonde la ufa. Alitaja Tanganyika, babu. Alisema yanapikwa upesi, hayangoji."

Mimi nilitazamia mzee aruke, miguu au bila miguu. Alichukua kitumbua, akakitazama. "Basi wameyaona," akasema. "Wenye vyombo, wenye picha. Vizuri sana." Kisha akamuuliza mjukuu wangu habari za mitihani. Nikashangaa. Mtu amengoja kuaminiwa maisha yote, na siku dunia inasema alikuwa sawa, yeye anakula kitumbua.

Nilielewa siku ya kuhama kwao.

Mwanawe mkubwa alikuja kuwachukua wazee awapeleke Tabora, akae nao karibu. Gari la mizigo lilikuwa nje tangu asubuhi. Mkewe alikuwa jikoni anafunga vyombo kwenye magazeti. Bwana Mawe amekalia godoro lililofungwa kamba, sebuleni patupu. Nikaingia kumuaga. Nikamwambia, "Haya, mtani, umeshinda. Chuo kizima kinakujua, sasa hata Tabora utaingia kifua mbele."

"Yapo, wameyaona wao," akasema. "Mimi sijui tena kama nilichokiona ndicho. Nimekisimulia mno. Labda kweli yalikuwa ya injini ya mtu, yamekuja na mawimbi. Nilikuwa kijana. Nilitaka kuona kitu."

Nilikasirika. Miaka yote hiyo namtania, sikuwahi kukasirika, siku hiyo nilikasirika kweli.

"Wewe mzee, usiniletee," nikasema. "Msimbu ulikuwa na watu wa kukuamini wamejipanga, neno moja tu, hukulisema. Mtu asiyeweza kusema uongo pale, ziwani angeuanzia wapi? Uliyaona. Hebu nieleze. Mtumbwi ulikuwa wa nani?"

"Wa kuazima."

"Najua wa kuazima. Na nani aliyekuwa anapiga kasia? Wewe ni Mnyamwezi wa Tabora, mtumbwi ukiuona unafikiri ni kinu. Kasia ulijulia wapi?"

Akatazama mlango wa jikoni. Akanisogezea kichwa.

"Mwenye mtumbwi," akasema kwa kunong'ona.

"Mwenye mtumbwi nani?"

"Mwanamke mmoja. Mvuvi, mjane. Kijana bado. Ndiye aliyenipeleka, mtani. Ndiye aliyepajua. Aliniambia, weka mkono hapa, Bwana, na uutoe upesi. Akapasua kile kidonge cheusi, akaninusisha. Alisema wao huvitumia kuzibia mitumbwi."

"Kwa hiyo aliona?"

"Tangu utoto wake alikuwa akiyaona!"

"Na ofisini walipokuuliza nani mwingine aliona?"

"Ningemtaja, habari ingefika nyumbani. Tulikuwa ndio kwanza tumeoana. Mtumbwini, wawili, na mjane? Unamjua huyu lakini?" Akaelekeza kidole jikoni. "Nikaona bora niitwe mwongo."

Nilishika mbavu. Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni, machozi yananitoka, na nilipoyafuta nikasikia kitu. Nilisikia kwamba magazeti jikoni yamenyamaza.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi, nusu imefungwa.

"Mjane," akasema.

"Mama watoto..."

"Alikuwa mzuri?"

"Sikumbuki," akasema Bwana Mawe, na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia.

Mkewe akaitua sufuria chini. Nikafikiri, haya, ameanza, ndoa hii haifiki Tabora. Akaja pale kwenye godoro, akamsukuma mumewe kwa kiuno ili asogee, akakaa.

"Miaka yote hii nakuita mwongo mbele za watu," akasema, "na shahidi unaye. Umekaa kimya kwa kuniogopa mimi." Akatikisa kichwa. Akaweka mikono mapajani. Kisha akasema, "Haya. Anza mwanzo. Hayo maji yalikuwa ya moto kiasi gani?"

Bwana Mawe alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. Kisha akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, ili amwonyeshe yalipofika. Mwanawe akapiga honi nje, hakuna aliyegeuka. Mimi nikaaga. Sikuitikiwa.